Namba Isiguswe

Beni, Beu, 9 Machi 2025

Mwanangu Joyeuse,

Tumsifu Yesu Kristu. Mimi ni Zorobabel, yule mzee katekista aliyesimama karibu na mlango kwenye mkutano wa familia za waliotekwa na waasi, ukanipa kiti chako. Barua hii unaletewa na Mama Eliane, anayepeleka mafuta ya mawese huko Butembo na kurudi na viazi. Usishangae kwamba ninaandika kwa karatasi na huku nina simu. Ninayo, ina chaji, iko mbele yangu mezani, lakini siongei nayo. Nikiongea na wewe dakika kumi, na aliyemwona binti yangu Rébecca apige katika hizo dakika kumi, ataambiwa namba inatumika. Dada yangu amekasirika, anasema hata akifa sitampigia. Avumilie.

Nimeona picha yake mliyoweka, vijana wa hapa wamenionyesha. Ni yenyewe, ya komunio ya kwanza. Uliandika vizuri kwamba alichukuliwa kwenye shamba letu la kakao, nyuma ya Mavivi, mwezi wa nane mwaka jana, na kwamba mama yake aliuawa siku ile ile. Mimi nilikuwa nimebaki nyumbani natayarisha mafundisho ya Jumapili. Hiyo hukuiandika, nashukuru.

Neno moja nakuomba. Namba iliyo chini ya picha iache iwe yangu. Rébecca alijua kwa kichwa namba ya mama yake, na ile simu ilipotelea huko huko. Yangu haijui. Miaka yake yote kumi na miwili nilikuwa nyumbani kila alipotoka shule, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kunipigia hata mara moja. Mtu akimwona huko aliko na akaiona picha, hiyo namba ndiyo njia pekee ya kunifikia. Niahidi kwa maandishi.

Zorobabel


Butembo, Kimemi, 13 Machi 2025

Papa Zorobabel,

Wasingya, asante kwa barua. Tangu nimalize shule sijapata barua ya karatasi, na Jean-de-Dieu, mkubwa wetu hapa bureau, yaani ofisini, alipoona bahasha alifikiri ni convocation, wito wa polisi. Alikaa mbali mpaka nilipoifungua.

Acha nikueleze kazi inavyokwenda, usije ukafikiri nakaa hapa nabonyeza kitufe siku nzima. Tuna nyuso arobaini na moja. Kila siku saa sita mchana ukurasa wetu wa Facebook unatoa uso mmoja, halafu watu wanausambaza kwa WhatsApp. Zikiisha tunaanza upya. Zamu ya Rébecca ni tarehe 24 mwezi huu, halafu 4 Mei. Matangazo yote tumeyapanga mbele kwa miezi, maana courant ya umeme ikikatika au mega za intaneti zikiisha tunabaki kutazamana. Na nikitaka kurekebisha kitu, siku hizi siyafungui moja moja. Tumepata chombo cha akili bandia, sisi tunakiita Agent kama vile ni mtu wa bureau. Ninamwandikia kama ninavyokuandikia wewe, badilisha tarehe hii, sahihisha jina lile, na anafanya kwa yote mara moja. Ni mtiifu kutupita sisi sote. Akiwa na shaka anauliza kwanza.

Kuhusu namba, naahidi. Tena nimefanya zaidi. Kwenye tangazo la Rébecca, pahali ambapo wasomaji hawaoni, nimeandika maelezo haya: «Namba hii ni ya baba yake. Isiguswe.» Agent anayasoma kila anapoligusa. Ulale salama, Papa.

Mtoto wako,
Joyeuse


Beni, Beu, 6 Aprili 2025

Mwanangu Joyeuse,

Tarehe 24 ilipofika nilikaa na simu tangu asubuhi. Walipiga watu wanne. Watatu walitaka tu kunipa pole na kuniambia wananiombea. Wa nne alikuwa mwanaume, akasema, «Mzee, niko namuona mutoto hapa ku robinet, Oicha. Kuya mbio.» Alitaka nimtumie kwanza pesa ya kumshikilia mtoto asiondoke. Sikutuma, nilipanda pikipiki nikaenda mwenyewe. Nilisimama pale kwenye bomba mpaka saa tisa, nikitazama kila msichana mwenye bidon ya maji. Namba ya yule mtu haikupatikana tena.

Najua utanionea huruma na utataka kunikinga. Usifanye hivyo. Sikukasirika hata kidogo. Kwa njia yote ile ya kwenda nilikuwa baba anayekwenda kumchukua mtoto wake, na tangu mwezi wa nane sikuwa nimepata siku kama hiyo. Acha waongo nao wapige.

Sasa nina kazi kwa huyo Agent wenu. Tarehe 2 Aprili Rébecca ametimiza miaka kumi na mitatu. Mwambie arekebishe. Nilitaka pia kuuliza kama anaweza kumkuza kidogo pichani, mashavu na nywele, halafu nikaacha. Asije akatengeneza mtu ambaye hata mwenyewe Rébecca akimwona hatamjua.

Zorobabel


Butembo, Kimemi, 2 Mei 2025

Papa Zorobabel,

Naandika mbio, Mama Eliane anangoja na injini inawaka. Umri wa Rébecca tayari ni kumi na tatu, nimeuona kwa macho yangu.

Wale waongo wamezidi. Juma hili walimwita mama mmoja wa hapa, Muyisa, mpaka barabara ya porini, wakamnyang'anya kila kitu na kumpiga. Yuko hospitali, taya imevunjika. Kwa hiyo komite yetu imekata shauri kwamba namba za familia ziondolewe zote, iwekwe moja tu, ya bureau, ili sisi tuwachuje wapigaji kwanza. Yako nitaiacha, nilikuahidi. Nitamwambia Agent kazi hiyo leo hii kabla ya kufunga, maana tangu Jumatatu mpaka Jumatano ni ville morte, maduka na bureau zote zitafungwa na njia zitawekewa mawe. Tutarudi kazini Alhamisi.

Jumapili ni zamu yake. Tuombe.

Joyeuse


Beni, Beu, 18 Mei 2025

Mwanangu Joyeuse,

Wiki mbili zimepita tangu zamu ya Rébecca na simu yangu haikulia. Sisemi kwamba hakupiga aliyemwona. Nasema hakupiga mtu yeyote, hata wale wa kunipa pole. Nilifikiri imeharibika, nikamwomba jirani aijaribu, ikalia vizuri. Nikamwambia akate upesi.

Je, tangazo lilitoka? Labda kwa ajili ya ville morte mashine nayo ilifunga kazi. Kijana mmoja hapa anasema aliliona, lakini yeye huwa anakubali kila unachomuuliza. Nitazamie. Nikijua kwamba halikutoka nitatulia, nitangoja tarehe 14 Juni. Lakini kama lilitoka na hata waongo hawakupiga, basi watu wameshamzoea mtoto wangu. Hilo naliogopa kuliko mengine yote.

Zorobabel


Butembo, Kimemi, 23 Mei 2025

Papa Zorobabel,

Samahani kwa kuchelewa. Huku kazi ni nyingi na mvua imeharibu barabara.

Tangazo lilitoka, saa sita kamili. Watu wengi walilisambaza, usifikiri wamemzoea. Mambo ya réseau ya simu unayajua, mara nyingi namba inapigwa na haifiki.

Nilitaka kukuuliza kitu kwa ajili ya dossier yake, tunaweka alama za mwili kwa kila mtoto. Rébecca ana kovu lolote? Kwa mfano mguuni? Na mguu gani? Unijibu kwa safari hii hii ya Mama Eliane kama unaweza.

Joyeuse


Beni, Beu, 1 Juni 2025

Mwanangu Joyeuse,

Mguu wa kushoto, juu ya kisigino. Alikuwa na miaka sita, alijikata na jembe la mama yake kwa sababu alitaka kuonyesha kwamba anaweza kulima. Kovu limepinda kidogo. Alikuwa akiwaambia wenzake kwamba aling'atwa na mamba, na sijui mamba yupi angefika Beu.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Wewe ni mtu wa maneno, mara hii umeandika kama mtu anayetembea pembeni ya shimo. Hakuna dossier inayouliza mguu kabla ya kuuliza uso. Kuna mtu amekuambia kitu. Sitakusumbua, najua mnachuja kwanza, na mkishakuwa na hakika mtanieleza. Nimeelewa hivyo.

Kwa hiyo nimejitayarisha polepole. Nimefua vitenge vya mama yake vilivyobaki, maana nguo zake mwenyewe zitakuwa fupi. Nimetandika kitanda chake. Dada yangu alikuja akanikuta napiga pasi, akakaa kitako chini akacheka, mara ya kwanza tangu mwaka jana. Nakuandikia haya ili ujue kwamba hapa nyumbani tuko tayari, hata akifika bila habari.

Baba yake Rébecca,
Zorobabel


Upande wa Ituri, 4 Juni 2025

Baba ya Rébecca,

Mimi naitwa Sophie, ni infirmière, muuguzi katika kituo kidogo cha afya. Hatujaonana. Joyeuse wa Butembo ameniomba nikuandikie yote kwa mkono wangu, uyasome wewe mwenyewe, naye atakufikishia.

Tarehe 2 Mei walitoka porini wanawake wawili na msichana mmoja. Msichana alikuwa na homa kali na tumbo limevimba, hakuweza kusimama. Alitaja jina lake, Rébecca, na akasema baba yake ni katekista huko Beu. Jumapili mchana nilipata kwa WhatsApp picha ya mtoto mwenye nguo nyeupe ya komunio. Nilimwonyesha. Alisema, «Ni miye. Ile kanzu ilikuwa inanibana.» Hapo hapo nikapiga namba iliyoandikwa chini ya picha.

Iliita mpaka ikakatika. Nilipiga mara mbili Jumapili, mbili Jumatatu, mbili Jumanne, na moja Jumatano jioni. Nilituma pia ujumbe kwamba ana kovu mguu wa kushoto na anamwulizia baba yake. Kila nilipopiga aliomba nimwekee simu sikioni asikie inavyoita. Mimi nilikasirika, nikasema huyu baba ni wa namna gani. Yeye ndiye aliyenituliza. Alisema, «Papa iko anasali. Mumuache kwanza, tutamuita kiisha misa.» Alisema hivyo mara zote saba.

Alifariki Alhamisi tarehe 8 Mei, mapambazuko. Hakuwa peke yake, nilikuwa nimemshika. Tulimzika karibu na kanisa la hapa, na wale wanawake wawili waliimba. Kesho yake vita ilitukaribia tukakimbia, na simu yangu, iliyokuwa imeishiwa chaji tangu Jumatano usiku, ikapotea njiani. Niliporudisha laini mwisho wa mwezi nilikuta ujumbe mwingi wa Joyeuse. Kaburi lina msalaba wa mbao na jina. Siku njia ikifunguka nitakuonyesha.

Unisamehe kwa yale niliyoyawaza juu yako.

Sophie


Butembo, Kimemi, 10 Juni 2025

Papa Zorobabel,

Soma kwanza ile ya Sophie. Nimemwomba Mama Eliane asiondoke mpaka umalize. Najua kwetu habari ya namna hii haiendi kwa karatasi, watu wanatumwa, wanakaa, wanasema polepole. Nilipaswa kuja mwenyewe. Nilifika stendi mara mbili, nikarudi nyumbani.

Namba ambayo Sophie alipiga haikuwa yako. Ilikuwa ya bureau.

Ijumaa ile ya tarehe 2 Mei nilimwandikia Agent: ondoa namba za familia kwenye matangazo yote yaliyopangwa, weka ya bureau. Nilisahau kutaja yako. Yeye hakusahau. Alinijibu, na maneno bado yapo, nayanakili kama yalivyo: «Matangazo ni arobaini na moja. Moja lina maelezo uliyoyaandika: Namba hii ni ya baba yake. Isiguswe. Nibadilishe yote, au hili niliache?» Chaji ilikuwa imebaki kidogo sana, Jean-de-Dieu alikuwa ameshika funguo mlangoni, na Mama Eliane alikuwa ameshaondoka na barua yangu ya kukuhakikishia. Niliona neno «nibadilishe» na alama ya kuuliza. Sikusoma katikati. Nikaandika «Yote».

Simu ya bureau ilibaki kwenye droo. Nilitaka kuibeba nyumbani, Jean-de-Dieu akasema, «Telefone ya bureau hapana kutoka ku bureau. Kama inapotea, batu bote banapotea.» Sikubisha. Iliita humo ndani siku nne na mimi niko nyumbani umbali wa barabara mbili, nafua nguo.

Alhamisi tulipofungua nilikuta zile simu saba na ule ujumbe wa kovu. Nilipiga mara nyingi, laini ilikuwa imezimwa. Kumbe Rébecca alikuwa amefariki asubuhi ile ile. Sikujua. Nilijiambia nikimpata kwanza halafu nikueleze, kosa langu litakuwa dogo. Ndiyo maana nilikudanganya kuhusu réseau. Halafu ikaja barua yako ya vitenge na kitanda, na siku mbili baadaye Sophie akapiga. Tangu barua yake inifikie nabeba maneno yake kwenye mkoba, natembea nayo sokoni na kanisani kama mwizi.

Sina neno la kuomba. Ila Jumamosi tarehe 14, saa sita, zamu ya Rébecca inarudi. Bado limeandikwa «Anatafutwa». Nimelifungua, nimekaa mbele yake. Sitaligusa bila wewe kuniambia.

Joyeuse


Beni, Beu, 12 Juni 2025

Joyeuse,

Mama Eliane alikaa nami mpaka nikamaliza zote mbili. Alikuwa ameanza kulia kabla sijafungua bahasha, kwa hiyo nilisoma nikijua.

Hasira ninayo, sitakudanganya. Miaka thelathini na mmoja nimefundisha watu kusamehe, nilikuwa na maneno tayari kwa kila mmoja. Leo nimeyatafuta na hayapo. Labda yatakuja. Ile mashine haina kosa, ilikuuliza na hukusoma. Hilo ningeweza kulielewa, mtu huchoka. Lakini ulijua kuna ujumbe wa kovu, na ukaniacha nikitandika kitanda. Dada yangu sasa anakunja vile vitenge.

Kuna jambo Sophie hakuweza kulijua, na sina mwingine wa kumwambia. Siku zile sikuwa nasali. Jumapili ile hata misa sikuenda, kwa sababu ilikuwa zamu yake. Nilikaa hapa mezani tangu asubuhi, na Jumatatu, na Jumanne, na Jumatano, simu mbele yangu, naitazama. Yeye alikuwa anangoja misa iishe.

Kuhusu Jumamosi, usilifute. Acha picha ya komunio. Andika: Rébecca, miaka kumi na mitatu, amepatikana. Usiongeze neno. Namba iondoe, ya bureau na ya kwangu. Agent akikuuliza tena kuhusu yale maelezo, soma mpaka mwisho, halafu umjibu kwamba baba yake amekubali.

Usinijibu kwa barua. Nipigie. Piga saa yoyote, na ukikosa la kusema kaa tu kwenye laini kadiri utakavyo. Simu yangu haimngoji mtu tena.

Zorobabel